Nyumba ya Hatua Sita: Aliyelala Darini

Msomaji mmoja ameniuliza kwa nini sikukimbia siku ile mume wangu aliponibana vidole na meza.

Dada yangu, au kaka yangu, maana hukujitaja, hebu na mimi nikuulize. Umewahi kupigwa ndani ya nyumba yenye urefu wa hatua sita na upana wa mikono miwili iliyonyooshwa? Hatua ya kwanza unagonga kiti. Ya pili unagonga ndoo. Ya tatu hufiki, ameshakushika nywele.

Kwa wanaonisoma leo kwa mara ya kwanza, nieleze kidogo. Nyumba yetu ilikuwa uchochoro. Baba mkwe alimwachia mume wangu nafasi iliyobaki kati ya nyumba mbili za watu, yeye akaipiga paa, akatia mlango mbele na mlango nyuma, ikawa nyumba. Kuta za pembeni si zetu. Ukipigilia msumari, jirani anakohoa.

Chini palikuwa na jiko la gesi, kiti kimoja, ndoo, na meza iliyoshikwa ukutani kwa bawaba. Ukishakula unaikunja, la sivyo hupiti. Kulala ni juu darini, kwa ngazi ya mbao, nyuma ya pazia. Huko juu ukikaa unainamisha shingo kama mtu anayeomba msamaha.

Mume wangu ni mlinzi wa ghala. Anakesha kazini, analala mchana. Katika nyumba ya watu wengine, mtu akiangusha kijiko jikoni aliyelala chumbani hana habari. Kwetu sisi kijiko kikianguka, kimemwangukia yeye. Juma lililopita nilisimulia jinsi kifuniko cha sufuria kilivyoniponyoka, jinsi alivyoshuka bila kusema neno, akaushika mkono wangu wa kushoto, akauweka kwenye ukingo wa meza, akaikunja meza.

Vidole viwili.

Kazini nilisema ni pasi. Napiga pasi katika kiwanda cha kufua mashuka, na kwa miaka minne pasi imebeba dhambi nyingi za mume wangu.

Mtu mmoja tu hakudanganyika. Ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Ni mwoka mikate, na mtaa mzima unamwita Unga kwa sababu hata akioga nyusi zake hubaki nyeupe. Jumatano alipita kiwandani kuniletea mkate, akaiona bendeji.

"Shemeji, hiyo ni pasi?"

"Ni pasi."

"Pasi ina taya siku hizi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Kesho nikitoka zamu nitakwenda kuongea naye."

"Usiende, Unga. Ukiongea naye wewe unaondoka, mimi nabaki."

"Mimi si wa kuongea tu," akasema, akaenda zake.

Sikulitilia maanani neno lile. Laiti ningelitilia.

Sasa ndugu msomaji, kaa vizuri. Haya ninayosema leo sijawahi kuyasema hata kwa mama yangu mzazi.

Alhamisi, saa saba mchana, tulitoka kula. Vidole vilikuwa vinapwita kama vina moyo wao. Dawa ya maumivu nilikuwa nimeiacha nyumbani, kwenye rafu juu ya jiko, na kutoka kiwandani hadi nyumbani ni mwendo wa dakika kumi.

Nilipitia mlango wa nyuma, upande wa vyoo vya pamoja. Nikavua viatu nje, kama nilivyofundishwa kwa makofi. Nikausukuma mlango kwa bega, taratibu, maana bawaba zake hulia.

Kwenye mlango wa mbele nikaona mabuti ya mume wangu. Juu, nyuma ya pazia, mtu anakoroma.

Na meza ilikuwa wazi.

Mume wangu haachi meza wazi hata siku moja. Hilo peke yake lingenitosha kujua kwamba mambo si ya kawaida. Lakini nilikuwa nimekuja kuchukua dawa, na nilikuwa namwogopa, na mtu mwenye hofu haangalii meza.

Nikanyoosha mkono wa kulia kuchukua dawa. Wa kushoto ukagusa ukingo wa rafu, kidogo tu.

Maumivu yale sina maneno yake. Nilijiziba mdomo kwa kiwiko ili nisipige kelele. Nikapiga magoti sakafuni, machozi yananitoka, na pale chini nikajiona: mwanamke mzima, ndani ya nyumba yake, anang'ata nguo yake ili aliyemvunja vidole asiamshwe na kilio chake.

Nilipoinua macho, ngazi ilikuwa mbele yangu.

Sitawadanganya. Sikuitoa ili niifute vumbi. Sikuitoa kwa bahati mbaya. Niliishika kwa mkono mmoja na bega, ikakwaruza ukuta, nikasimama nikiwa sipumui. Juu mtu akajigeuza. Akakoroma tena. Nikaitoa kwa mlango wa nyuma, nikaiegemeza kwenye ukuta wa vyoo.

Mume wangu akiamka hushuka kinyumenyume, macho yamefumba bado, mguu unatafuta ngazi. Miaka minne hajawahi kutazama.

Nilirudi ndani mara moja kuchukua dawa. Nikaiona tena ile meza, ukingo wake uko sawasawa chini ya pale anaposhukia. Ningeweza kuikunja.

Sikuikunja.

Nikavaa viatu, nikarudi kazini, nikapiga pasi mashuka arobaini bila kuunguza hata moja.

Saa tisa na nusu msimamizi akaniita.

"Kuna mzee mlangoni. Anasema mtu wenu ameanguka."

Alikuwa jirani yetu, fundi saa, yule mwenye ukuta wa kulia. Miwani yake ya kazi ilikuwa bado imening'inia shingoni.

"Twende, binti. Ameanguka kutoka juu."

"Yuko hai?"

"Anapumua."

Njia nzima nilikuwa najipanga. Nitalia hivi. Nitasema vile. Nilijaribu hata sauti ya mjane, Mungu anisamehe, nikaona inanitoka vizuri.

Nje ya nyumba watu walijaa. Nyumba yetu haiingii watu watatu kwa pamoja, kwa hiyo mmoja alikuwa anaingia, anatoka kusimulia, mwingine anaingia. Watu wa gari la wagonjwa walikuwa wanagombana na machela. Haikuweza kukata kona. Waliisimamisha, wakailaza ubavu, wakairudisha. Mwisho mmoja wao akaing'oa meza yetu ukutani kwa teke moja, wakamlaza majeruhi juu ya ule ubao, wakampitisha juu juu vichwani mwa watu.

Nikapiga yowe la mjane. Nikajitupa mbele.

Nyusi zilikuwa nyeupe.

"Unga," nikasema.

Damu ilikuwa imekauka puani, nyingine mbichi inatoka sikioni. Jicho moja limevimba limefunga. Lile jingine linatazama paa za watu.

"Unga! Unga! Huyu ni Unga!"

"Ndiyo, ni yeye," akasema fundi saa, ananishika bega. "Kwani ulidhani nani?"

Sikuwahi kumjibu, maana nyuma yangu nilisikia sauti ninayoijua hata nikiwa usingizini.

"Kuna nini hapa?"

Mume wangu alikuwa amesimama nyuma ya umati. Mzima. Mguuni amevaa ndala nyeupe za kuokea mikate, za mdogo wake, kisigino kimening'inia nje.

Baadaye ndipo nilipoyapata yote kutoka kwa fundi saa, ambaye ukuta wake ni redio yetu. Unga alikuja asubuhi saa tano. Wakaanza kwa sauti ya chini. Kisha Unga akasema, "Nipe mkono wako na mimi niuweke kwenye meza nione utasemaje." Kisha kiti kikagonga ukuta, saa mbili za fundi zikaanguka kutoka kwenye misumari yake. Walipigana ndugu hao kama mbuzi ndani ya gunia, hakuna anayeweza kurudi nyuma wala kukunjua mkono, ni viwiko na vichwa na meno. Unga alivunjwa pua. Mume wangu alipigwa kwa sufuria ile ile ambayo kifuniko chake kiliniponyoka. Kisha watu wote wa mtaa wakamsikia mume wangu akipiga kelele:

"Nikirudi nikukute humu, nakuua! Nakuua nakwambia!"

Akatoka mbio, kichwa kinavuja, akachomeka miguu kwenye ndala zilizokuwa karibu. Unga hakuweza hata kusimama sawasawa. Tangu saa nane za usiku alikuwa anakanda ngano. Fundi saa akampa kitambaa cha pua, akamwambia panda ulale kidogo, kaka yako akitulia atarudi.

Akapanda, akalala.

Na mimi nikaja.

Mume wangu aliposikia maneno ya watu alimrukia fundi saa, akamkaba. "Nani kamfanyia? Nani?" Miwani ya mzee ikapondeka chini ya ndala. Watu wakamvuta. Akanigeukia mimi.

"Ulikuwa wapi wewe?"

"Kazini."

Kofi lilinikuta kabla sijamaliza neno. Nikaangukia mlango. Kwa mara ya kwanza alikuwa amenipiga nje, mbele ya macho ya mtaa mzima, na watu walinyamaza ule unyamavu wa watu wanaohesabu moja na moja.

Mwanamke mmoja akasema kwa sauti, "Huyu huyu. Asubuhi tumemsikia anasema atamuua."

Polisi walikuja wanne. Aliyewaongoza alikuwa sajenti, mwanamke mfupi wa sauti ya upole. Aliingia ndani peke yake, akatoka.

"Hapo juu mnapandaje?"

"Kwa ngazi," akasema fundi saa.

"Iko wapi?"

Watu wakatazamana. Askari mmoja akaenda nyuma, akarudi nayo begani.

"Ilikuwa kule vyooni, afande."

Sajenti akamtazama mume wangu, akazitazama ndala za mdogo wake mguuni mwake.

"Ngazi haina miguu, bwana. Ulirudi saa ngapi?"

"Sikurudi! Nilikuwa kwa mama! Muulizeni mama!"

Walipotaka kumtia pingu, akakataa. Hapo ndipo walipomfundisha ukubwa wa nyumba yake. Walimwingiza ndani askari watatu na virungu, na kwa kuwa hapakuwa na nafasi ya kuinua mkono, walimpiga kwa kumdunga kwa ncha zake, tumboni, mbavuni, gotini. Nilisikia jiko likianguka. Nilisikia akiita jina langu. Nilikaa kizingitini, shavu linawaka, na nikasikia kitu kinanijia kifuani.

Nilidhani ni huruma. Ilikuwa raha.

Walipomtoa, meno yake ya mbele hayakuwapo. Sajenti akachuchumaa mbele yangu.

"Dada, wewe uliondoka nyumbani saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili asubuhi."

"Hukurudi hata mara moja?"

"Hapana."

Neno moja tu, jepesi. Likampeleka mume wangu mahabusu.

Hospitali walisema uti wa mgongo wa Unga umevunjika mahali pawili. Alikuwa ameangukia ukingo wa kitu. Daktari alituuliza ni kitu gani, mimi nikasema sijui. Miguu, akasema, tusiitegemee tena.

Siku ya pili mama mkwe alikuja kukaa na mimi. Mkunga mstaafu, mikono mikubwa, maneno machache. Anakaa upande wa pili wa mji, mwendo wa saa nzima kwa basi. Sajenti alikuwa ameshamfuata kumuuliza kama mwanawe alikuwa kwake Alhamisi.

"Sijamwona tangu mwezi uliopita," mama mkwe alimjibu.

Mimi nikasema moyoni, mume wangu kumbe hata uongo hajui. Anamtaja mama yake, mama yake anamruka.

Sasa fikiria kukaa na mama mkwe ndani ya hatua sita. Akipika, mimi nakaa kizingitini. Nikifua, yeye anapanda darini. Tukipishana, mmoja anageuka ubavu, na matumbo yetu yanagusana. Hakuna pa kuuficha uso. Nikiwa nalia nageukia ukuta, na ukuta uko hapo hapo puani.

Siku ya sita, mchana, alikuwa ananibadilishia bendeji. Akavitazama vidole vyangu muda mrefu.

"Alivibana na nini?"

Nikashtuka. Sikuwa nimemwambia kama vilibanwa.

"Pasi, mama."

"Mwanangu, nimezalisha wanawake miaka thelathini na mmoja. Wote wanaopigwa huniambia wameanguka." Akafunga fundo. "Baba yao alinivunja huu." Akanyoosha mkono wake wa kulia, nikaona kiwiko hakinyooki. "Wao walikuwa wadogo, wanatazama. Mmoja akajifunza kupiga. Mwingine akajifunza kuingilia kati. Mimi ndiye niliyewapikia wote wawili."

Nilitaka kumwambia pale pale. Nakwambieni neno lilifika kwenye meno. Lakini yeye akainuka kutoa maji machafu, na ili apite ilinibidi nitoke nje, na nilipotoka nje likarudi tumboni.

Siku ya tisa walituita. Unga amezinduka.

Wodi ilikuwa na vitanda ishirini, nafasi kubwa mno, nikaona kizunguzungu. Unga alikuwa amelazwa chali, mifuko ya mchanga huku na huku. Nyusi zake zilikuwa nyeusi. Sikuwahi kuziona nyeusi.

Sajenti alikuwa ameshafika na daftari lake. Unga akasema kwa sauti ya kukwaruza:

"Kabla ya yote, naomba dakika mbili na shemeji yangu."

Sajenti akasita, akamshika mkono mama mkwe, wakasogea hadi dirishani. Mimi nikainama.

"Unga, pole. Unga, mimi..."

"Sikuwa nimelala sawasawa," akasema. "Pua ilikuwa inauma. Nilisikia ngazi ikikwaruza. Nikachungulia pazia, nikakiona kilemba chako kinatoka mlango wa nyuma. Nikasema moyoni, shemeji anakwenda kuanua nguo. Nikalala. Nilipoamka nilikuwa nimeshasahau."

Nikageuka kuangalia kama sajenti anasikia.

"Sikujua ni wewe," nikasema. "Wallahi sikujua ni wewe."

"Najua ulimtaka nani."

"Namwambia sajenti sasa hivi. Namwambia yote."

"Unyamaze!" Mkono wake ukanishika kilemba, ukakivuta hadi paji langu likagonga chuma cha kitanda. Miguu ilikuwa imekufa lakini mikono ya kukanda ngano ilikuwa mizima. "Ukisema, wewe unaingia, yeye anatoka. Anatoka anakwenda wapi? Nyumbani. Na mimi hospitali wakinichoka wananipeleka wapi? Nyumbani. Mimi na yeye, shemeji. Chini pale. Mimi siwezi hata kujigeuza. Unaniona?"

Nilikuwa namwona. Damu ilikuwa inanichirizika jichoni, lakini nilikuwa namwona.

"Umeshaninyima miguu," akasema. "Usiniweke tena miguuni pake."

Akaniachia. Akamwita sajenti.

Nilijipangusa kwa ncha ya kilemba. Mama mkwe aliiona damu. Akakaa mwisho wa kitanda, akaishika miguu ya mwanawe juu ya shuka, anaikanda, kana kwamba ingemjibu.

"Eleza taratibu," sajenti akasema. "Nani alitoa ngazi?"

"Kaka yangu."

"Ulimwona?"

"Kwa macho yangu. Alirudi kama saa saba na robo. Akanitazama. Akasema, shuka sasa uone. Akaitoa."

Kalamu ilikuwa inaandika. Nilisikia kila herufi. Miaka mingapi ilikuwa kwenye herufi zile, kumi, ishirini? Na mimi nimesimama kama nguzo, kwa sababu kila alichosema kilikuwa kinanifungulia mlango wa kupita.

Mama mkwe aliacha kukanda.

Aliinuka. Akatembea kutoka mwisho wa kitanda hadi kichwani, polepole. Akainua ule mkono wake usionyooka, akampiga mwanawe kofi ambalo wodi nzima ililisikia. Mgonjwa wa kitanda cha pili akakaa. Nesi akaja mbio.

"Mama! Huyu ni mgonjwa wa mgongo!"

"Ni mwanangu mimi!" Akamgeukia sajenti, kifua kinapanda kinashuka. "Futa hayo uliyoandika. Huyo kaka yake saa saba alikuwa kwangu. Alikaa sebuleni mpaka saa nane, amevaa ndala za huyu, kichwa kinavuja damu. Nilimshona mwenyewe nyuzi tatu. Mnaye kule mahabusu, kamtazameni kichwa, hizo ni nyuzi za mkunga."

"Mama, mimi nilikuuliza," sajenti akasema. "Nyumbani kwako. Ukasema hukumwona."

"Nilisema uongo."

"Kwa nini?"

Alinitazama mimi.

"Kwa sababu alikuja kulia nimhurumie. Akanisimulia alivyokubana vidole, anasimulia kama mtu aliyevunja sahani. Nikasema huyu akikaa ndani siku kumi ajue na yeye raha ya kupigwa mahali pasipo na pa kukimbilia, hatakufa. Siku kumi, mwanangu. Nilimpima siku kumi, kama dawa." Akamtazama Unga, kisha mimi. "Sikujua kama ninyi mnamchimbia kaburi."

Unga alikuwa amefumba macho. Alama ya vidole vitano ilikuwa inajichora shavuni mwake. Machozi yakawa yanamwingia masikioni, na hakuwa na namna ya kugeuza kichwa.

Sajenti alifungua ukurasa mpya. Akaulaza mkono wake juu ya karatasi, akailainisha.

"Basi kaka hakuwepo," akasema kwa ule upole wake. "Aliyelala hakujiondolea ngazi mwenyewe. Fundi saa alikuwa kazini kwake, wateja watatu wamenithibitishia. Na jana nilipita kiwandani, nikaambiwa Alhamisi saa saba wote mlitoka kula." Akainua macho. "Dada. Nitakuuliza tena lile swali, mara ya mwisho."

Nesi alikuwa amesimama. Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa amesimama. Nilimtazama Unga. Alikuwa anatikisa kichwa, kidogo sana, kadiri mifuko ya mchanga ilivyomruhusu, hapana, hapana.

Vidole vyangu viwili vikaanza kupwita.

"Ulirudi nyumbani mchana?"

Nilivuta pumzi. Nilijisikia kama mtu anayeshuka kinyumenyume, macho yamefumba. Nikafungua mdomo.

"Ni mi..."

Kiganja kikubwa kikanipiga mdomoni, kikabaki pale pale. Mama mkwe alikuwa amenizunguka kwa nyuma, mkono mmoja mdomoni, mwingine umenikaba kifuani, ananibana kama anavyombana mama anayesukuma kabla ya wakati. Pete yake ilinipasua mdomo. Nikaonja damu yangu na sabuni ya mikono yake. Sikuweza kupumua. Sikujua kama mwanamke yule ananiokoa au ananimaliza, na nadhani hata yeye alikuwa hajaamua.

"Ana homa huyu," akasema juu ya kichwa changu. "Vidole vimeoza. Hajui anachosema."

Sajenti akaifunga kalamu yake, akaitia mfukoni, akasimama.

"Mama," akasema. "Toa mkono."